Anza na Glavu: Kwa Dada wa Bugembe Anayetaka Kucheza Burleski

SWALI: Nina miaka 41. Nimekulia kambini hapa Jinja, baba alikuwa askari, ndiyo maana Kiswahili ndicho cha nyumbani kwetu. Nashika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, nina watoto watatu. Tangu ujana napenda nguo za zamani. Nikienda Kampala lazima nipite soko la mitumba la Owino, narudi na gauni la kiuno chembamba au sketi pana, halafu naliweka sandukuni. Sijawahi kutoka nalo. Kwenye kwaya nasimama mstari wa nyuma kabisa. Hivi karibuni binamu yangu alinionyesha video za wanawake wanaocheza burleski, ile dansi ya jukwaani ya madaha na mzaha ambayo mchezaji huvua vazi kidogo kidogo, wengine wanene kuliko mimi, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia. Mama angesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, ujasiri ule unafundishika au mtu huzaliwa nao? Hapa Uganda si nitaambiwa nacheza kimansulo? Na nianzie wapi?
Mama wa Watatu, Bugembe

JIBU: Dada yangu, unafundishika, hata kwa mtu aliyezoea mstari wa nyuma. Nafundisha dansi hapa Kampala na kushona maleba ya jukwaani, na jambo ningependa ulishike kabla ya mengine yote ni kwamba yule mwanamke wa kwenye video ametulia kwa sababu anaijua kazi yake. Anajua mkono wa kushoto utakuwa wapi mdundo wa nne ukifika. Anajua atamtazama nani. Anajua kulabu ya tatu ya gauni lake ina tabia ya kukwama, na ameshaifanyia dawa. Aibu anayo, pengine kukushinda wewe. Utulivu wake umetoka kwenye mazoezi, na mazoezi hayachagui mtu.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika kwamba imani ya mtu kuwa jambo analiweza hujengwa zaidi na kulifanya likafaulu kuliko kutiwa moyo kwa maneno. Kwa hiyo sitakuambia ujipende halafu nikuache hapo. Nitakupa kazi ya kufanya. Ila tuanze na kimansulo, maana naona ndicho kinachokunyima usingizi.

Kimansulo sote tunakijua: baa, usiku wa manane, msichana anavua nguo, wanaume wanarusha noti, na mwenye baa ndiye anayeamua avue nini na saa ngapi. Siwadharau wasichana wale, wanatafuta kodi ya nyumba na ada za shule kama watu wengine. Lakini katika burleski mchezaji ndiye anayetunga onyesho lake. Anachagua muziki, anashona au kushonesha vazi, anaamua kipi kionekane na kipi kibaki siri yake, na hakuna mkono wa mtu unaomfikia. Hata kuvua kwenyewe si lazima. Lydia Thompson alipotoka Uingereza na kundi lake la wanawake kwenda New York mwaka 1868, burleski ilikuwa mchezo wa kudhihaki hadithi za wakubwa. Walivaa tait za kubana, wakaigiza nafasi za kiume, wakawafanyia mzaha miungu ya Kiyunani na wanasiasa wa siku zile. Hakuna aliyevua kitu, na bado magazeti yaliwatukana. Mwaka 1870 mjini Chicago, mhariri wa Chicago Times, Wilbur Storey, alipozidi kuwavunjia heshima, Lydia alimkabili barabarani akamcharaza mjeledi wa farasi. Akatozwa faini, akarudi kazini. Nakusimulia haya ujue kwamba wanawake wa sanaa hii wametukanwa tangu siku ya kwanza, na tangu siku ya kwanza hawakukubali.

Kuvua kulishika kasi baadaye, katika kumbi za Marekani za miaka ya 1920 na 1930, na hata hapo hakuna aliyesifika kumshinda mwanamke aliyevua kidogo. Gypsy Rose Lee, nyota wa kumbi za Minsky kule New York, alijijengea jina kwa ulimi wake na kwa subira. Alitembea, alizungumza, alitania, na glavu moja ilimchukua muda mrefu kutoka mkononi huku ukumbi mzima umemwinamia. Meya La Guardia alizifungia kumbi zile mwaka 1937, lakini jina la Gypsy lilikuwa limeshatoka nje ya kumbi. Sally Rand naye, kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1933, alicheza na mapepeo mawili makubwa ya manyoya ya mbuni. Watu walilipa kiingilio wakatazama manyoya.

Kwa hiyo methali ya mama yako naikubali. Kizuri chajiuza. Wanawake hawa hawakujitembeza mbele ya mtu, waliwafanya watu wangoje. Ukinielewa hapo umeshaelewa nusu ya sanaa yenyewe: anayengojewa ndiye mwenye ukumbi.

Kwa wewe wa mstari wa nyuma nina mmoja ninayempenda kuliko wote. Josephine Baker alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1906, katika umaskini mkubwa. Alipoingia kwenye safu ya wachezaji wasichana akawekwa mwisho, mahali pa kichekesho. Akaanza kufanya makengeza, kujikwaa makusudi, kujifanya amesahau hatua, na watu wakaacha kuwatazama wenzake wote wakamtazama yeye. Mwaka 1925, akiwa na miaka 19, alikuwa Paris, na mwaka uliofuata akatoka jukwaani katika ukumbi wa Folies Bergère na ile sketi ya ndizi. Sketi ile inaniuma na kunifurahisha kwa pamoja. Wazungu walikuja kumtazama Mwafrika wa ndoto zao, naye akawageuzia ndoto hiyo kuwa mzaha, akachukua pesa zao na kubaki na jina lake. Wakati wa vita vya pili alipeleka habari za siri kwa upande uliopinga Wanazi, na mwaka 2021 Ufaransa ikamwingiza Panthéon, jengo la kuwaenzi mashujaa wa taifa, mwanamke wa kwanza mweusi kupewa heshima hiyo. Haya yote yalianzia mwisho wa safu. Nafasi unayosimama kwenye kwaya ina faida zake kama utaitumia.

Sasa hapa kwetu. Ukitaka burleski yako isimame, usianze kwa kumwiga mwanamke wa Las Vegas mwenye manyoya ya waridi, kwa kuwa mbegu ya mchezo huu tunayo nyumbani. Chukua baakisimba, dansi ya nyonga ya Waganda. Husimuliwa katika Buganda kwamba Kabaka mmoja alikunywa pombe ya ndizi ikamkolea, akawa anayumba huku akiwasifu waliopanda migomba. Nani angethubutu kusema mfalme amelewa? Basi watu wa ikulu wakauigiza ule mwendo kwa dansi. Kumdhihaki mkubwa kwa kiuno, mbele yake, naye akafurahi: Lydia Thompson angewaelewa mara moja.

Siku ukija Kampala, nenda Kituo cha Ndere pale Ntinda, ukae karibu na jukwaa, umtazame mchezaji mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Kifua kimetulia kabisa. Uso unatabasamu kama mtu anayemsikiliza mgeni. Nyayo zinakwenda hatua fupi fupi, kazi yote iko nyongani, na ile ngozi ya manyoya marefu aliyofungwa juu ya makalio inakuza kila mtikisiko hadi uonekane na mtu wa kiti cha mwisho. Halafu sikiliza engalabi, ile ngoma ndefu, inavyomjibu. Wapiga ngoma wa kumbi za burleski za Marekani walifanya hivyo hivyo, nyonga ikigonga upande na ngoma kubwa inagonga nayo. Kama uliwahi kucheza baakisimba shuleni, una msingi ambao msichana wa London analipia darasa ili aupate.

Tuna ssenga pia, shangazi anayemfunda binti mambo ya ndoa, na kwa ndugu zetu wa pwani kuna somo na kungwi. Mwendo, jicho, shanga za kiunoni, namna ya kukaa na ya kunyamaza, elimu ile ni hazina na sitaki mtu aidharau mbele yangu. Lakini ssenga anakufunza kwa ajili ya chumba chako na mumeo. Jukwaa linakuuliza wewe una neno gani la kusema mbele za watu. Nimeona wanawake waliofundwa wakafundika wakigandama jukwaani, wanatafuta uso mmoja uwaambie wamependeza. Hilo ndilo la kujifunza upya, na linachukua muda kuliko hatua zozote za miguu.

Kuhusu sheria, usidharau hofu yako, ina historia. Mwaka 1972 Idi Amin alipiga marufuku minisketi, na wigi nazo zikafuata. Februari 2014 ilitiwa saini sheria dhidi ya ponografia ambayo watu waliiita sheria ya minisketi, na wanawake wakavuliwa nguo barabarani na makundi ya wanaume waliojifanya mapolisi wa maadili. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu vyake vikuu, pamoja na kile kilichoeleza ponografia ni nini. Hukumu hiyo nilishangilia kwa moyo wote, lakini haikumpa mtu ruhusa ya kufanya lolote popote. Chezea mahali pa faragha, mbele ya watu wazima waliokubali mwaliko wakijua wanakuja kuona nini, na vazi lako la mwisho kabisa liwe linakufunika kifua na nyonga barabara. Wanafunzi wangu huvaa ndani vazi zima la kubana lililonakshiwa, kama la waogeleaji, na sijasikia mtazamaji akidai hela yake.

Kama dhamiri yako ya kanisani inasema hapana kwa kuvua chochote, isikilize. Utacheza na glavu, shali na kofia, na burleski yako itakuwa kamili.

Umetaja mwili. Burleski ni miongoni mwa michezo michache ambayo mwili ulionenepa unapata haki yake, kwa sababu ya kazi kabisa: mtikisiko wa nyonga nene unaonekana kutoka mbali, na mchezaji mwembamba inabidi ajishonee pindo za nyuzi ili apate kitu cha kutikisika. Dirty Martini wa New York, mwanamke mnene asiyejificha, alitwaa taji la burleski la Miss Exotic World mwaka 2004. Tempest Storm alikuwa bado anapanda jukwaani akiwa amepita miaka 80. Kwa hiyo na miaka yako 41 iache ipumzike.

Koseti nakukataza kwa sasa. Najua inatamanisha, na wauzaji watakuambia itakurudishia kiuno cha kabla ya watoto. Lakini koseti inakushikia mgongo, na mimi nataka mgongo wako ujifunze kusimama wenyewe kwanza. Ukifika wakati wa kuivaa, tafuta yenye mifupa ya chuma, ikazwe kidogo kidogo, uivae muda mfupi nyumbani kabla ya kucheza nayo. Usiposhindwa kusema sentensi ndefu kwa pumzi moja, imekaa sawa. Ganzi au maumivu yakianza, fungua papo hapo. Na kama ulijifungua kwa upasuaji, muulize daktari wako kabla ya yote.

Tufanye kazi sasa. Nunua glavu ndefu za satini zinazofika juu ya kiwiko. Utazipata kwenye maduka ya mapambo ya bibi harusi, nyeusi au nyekundu kama zipo, nyeupe kama hazipo. Chagua zinazoteleza kidogo mkononi. Joto la Jinja unalijua, mkono ukitoa jasho satini inang'ang'ania ngozi kama gundi, kwa hiyo nyunyiza poda ya mtoto ndani kabla ya kuvaa.

Kaa kwenye kiti, bila kioo. Kioo kitakufanya ujikague, na anayejikagua hawezi kumtazama mtu. Weka badala yake picha ya mtu ukutani, au mto, ndiye mtazamaji wako. Weka muziki wa taratibu. Anza na kidole kidogo cha mkono wa kulia: kishike nchani kwa vidole viwili vya kushoto, kivute kiasi cha urefu wa ukucha tu, kiache. Mtazame mtazamaji. Hesabu midundo minne bila kufanya lolote. Hapo ndipo watu wengi wanapokimbia, midundo minne mitupu inaonekana kama mwaka mzima. Vumilia. Kisha kidole cha pete, vivyo hivyo. Macho yana safari yake: yanakwenda kwa mtazamaji, yanashuka kwenye kidole kama kwamba wewe mwenyewe umekumbuka kitu, yanarudi kwa mtazamaji. Usikodolee glavu muda wote, utaonekana unafanya ukarabati. Ukimaliza vidole vyote vitano, panda juu ya kiwiko, ushushe ukingo wa glavu kwa kiganja, ukikunja taratibu hadi kifundo cha mkono. Simama tena. Sasa ng'ata ncha ya kidole cha kati kwa meno, kwa upole, uvute mkono utoke. Glavu inabaki inaning'inia mdomoni, nawe unatabasamu nayo hapo hapo. Iweke begani, au iangushe juu ya kiti. Glavu ya pili iache ilipo. Maliza zoezi ukiwa umevaa moja.

Fanya hivyo kila jioni watoto wakilala, mpaka siku mikono ianze kufanya yenyewe na akili yako ibaki huru kumtazama mtu. Siku hiyo utaijua. Wanafunzi huniambia uso unapoa, mabega yanashuka, na ghafla wanapata hamu ya kutania. Mzaha ukija, jua umeiva, kwani mwenye hofu hawezi kufanya mzaha.

Kisha ongeza mwendo. Tembea kutoka mlango hadi kiti kwa muda mrefu uwezavyo, kwa madaha, kisigino kikigusa sakafu baada ya vidole, nyonga ikimaliza safari yake kabla ya kuanza hatua nyingine. Kwa muziki, usikimbilie jazi ya Marekani kwa sababu tu video zilikuwa nayo. Saksafoni ya Moses Matovu wa Afrigo Band, bendi iliyopo tangu 1975, ina uvivu mtamu unaofaa kabisa, na watazamaji wako watakuwa wanaujua.

Kuhusu sanduku lako. Nguo hizo zitoke, na zitoke kabla ya jukwaa. Chagua gauni moja ulivae kwenda kazini siku ya kawaida. Unaogopa macho ya mji mzima, najua, lakini Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walipima jambo hilo hilo na kulichapisha mwaka 2000: waliwavika wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji waliyemwonea aibu, wakawaingiza kwenye chumba cha wenzao. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliomo wameiona picha. Ukweli ulikuwa kama robo. Watu wana mambo yao. Watakaoliona gauni lako, wengi watauliza umelishona wapi.

Owino kwenyewe, jifunze kusoma nguo. Kwenye mivumba, yaani mitumba, gauni la kweli la miaka ya 1950 ni bahati kubwa. Angalia zipu: ya chuma, tena ubavuni, ni dalili nzuri ya miaka ya 1940 au 1950, kwani zipu za nailoni zilianza kuenea miaka ya 1960. Ndani ya nguo ya Marekani ukikuta lebo ya kudumu yenye maelekezo ya kufua, huenda imeshonwa mwaka 1972 au baadaye, maana ndipo sheria yao ilipowalazimisha watengenezaji kuiweka. Unachokikuta kwa wingi ni nguo za miaka ya 1980 zilizoiga za miaka ya 1940, mabega mapana ya sponji na kiuno kilichobanwa. Zichukue bila aibu, kwa bei nafuu, toa sponji nusu, fundi abane kiuno, jukwaani hakuna atakayejua. Kabla ya kulipa vuta mshono wa kwapani taratibu kwa vidole viwili. Kitambaa kilichooza kwa jasho la miaka kitajitoa hapo kwanza.

Sketi pana ya duara nakushauri ushonewe, tena ya kitenge, itakuwa na maana zaidi kwako kuliko ya dukani. Hesabu ni rahisi kwa mtu wa vitabu vya hesabu kama wewe: gawanya kiuno kwa 6.28 upate nusu kipenyo cha tundu la juu. Kiuno cha sentimita 80 kinakupa karibu sentimita 13. Urefu wa sketi ukiwa 65, na pindo, nusu duara moja inahitaji kitambaa cha sentimita 80 kwa 160. Kitenge chenye upana wa kama sentimita 115 hakitoi duara zima kwa mkato mmoja, kwa hiyo fundi akate nusu mbili azishone ubavuni. Zinamaliza yadi tatu na nusu hivi. Ukienda Kiyembe, kwa wauza vitambaa wa Kampala, nunua kipande cha yadi sita na utabaki na kitambaa cha blauzi. Mwambie fundi aning'inize sketi usiku kucha kabla ya kukunja upindo, maana sehemu za mshazari hurefuka, na sketi iliyokunjwa siku ile ile itakuwa na mikia.

Ukitafuta mifano, usitazame Hollywood peke yake. Elizabeth Bagaya, binti wa mfalme wa Toro, alikuwa wakili, kisha miaka ya 1960 akawa mwanamitindo London na New York, na mwaka 1974 akawa waziri wetu wa mambo ya nje. Tazama picha zake, tazama shingo. Tazama pia picha za zamani zilizokusanywa na History in Progress Uganda, wanawake wa kawaida waliokwenda studio na nguo zao bora. Mkao wao mbele ya kamera ni darasa tosha: mkono mmoja umepewa kazi, mwingine umepumzishwa.

Gomesi watu huniuliza sana. Ni vazi la zamani kuliko yote unayoyakuta Owino, limetoka mwanzoni mwa karne ya 20 kwa fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, na lina kila kitu cha jukwaa: mabega yaliyochongoka, vifungo viwili kifuani upande wa kushoto, mkanda mpana unaong'aa. Mimi nisingeivua jukwaani. Tunaivaa kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, na kwenye misiba, na kuna shangazi za watu watakaoumia. Lakini ingia nayo. Tembea kama mke wa mkubwa anayechelewa harusini, fungua mkanda ule taratibu, uzungushe, ujipepee nao, uufunge tena vibaya kwa makusudi. Dakika tatu za namna hiyo zinaweza kuuangusha ukumbi kwa kicheko, nawe hujavua hata kiatu.

Nywele usizihangaikie. Wigi fupi ya mawimbi, au nywele zako zimelazwa kwa jeli kama za Josephine, au kilemba kilichofungwa juu ya paji. Midomo myekundu. Basi.

Jipe jina la jukwaani. Gypsy alizaliwa Rose Louise Hovick, Dita Von Teese wa leo alizaliwa Heather Sweet. Jina la pili linamlinda mshika hesabu wa duka la vifaa vya ujenzi, na linampa yule mwingine ruhusa ya kufanya mambo ambayo mshika hesabu angeyaonea haya.

Halafu onyesho lako la kwanza. Usitafute ukumbi. Alika wanawake wachache unaowaamini, sebuleni kwa mmoja wenu, wake za watu na wajane na binamu yako aliyekuanzishia haya. Mume kama yupo na ni mtu wa kuelewa, mwambie mapema, asisikie kwa bodaboda wa mtaani. Simu zote ziingie kwenye kapu mlangoni, bila kumwonea haya mtu yeyote, hata shemeji, kwani video ikishatoka hairudi na wewe una kazi na watoto shuleni. Weka mtu mmoja asimamie hilo ili wewe usiwaze. Wimbo mmoja unatosha. Glavu moja, mwendo mmoja, mzaha mmoja. Kaa nao baadaye mle chakula, waulize ni wapi walishika pumzi na ni wapi walichoka kungoja, uandike, kwani hiyo ndiyo kazi ya mwezi unaofuata.

Na kama unataka engalabi ya kweli badala ya spika, mtafute mpigaji mapema na mkubaliane malipo kabla. Desemba imejaa harusi na kwanjula, hutampata.